Kuhamia Turkana: maswali yanayoulizwa kabla ya kupanda basi

Wanaoniuliza maswali haya ni walimu waliopokea barua za kuripoti, wauguzi, maafisa wa kaunti, wafanyabiashara wa Kitale wanaotafuta soko jipya, na waume au wake wanaowafuata wenzao. Nimeyajibu nikiwa mkazi wa Lodwar, mji mkuu wa kaunti, niliyekuja kufundisha nikabaki. Majibu yanahusu upande wa magharibi mwa Ziwa Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya: Lodwar, Lokichar, Kakuma, Kalokol na vituo vinavyozunguka hapo.

Je, Turkana ni pabaya kama inavyosemwa?

Pagumu, naam. Pabaya, sikubali.

Ugumu wenyewe unahesabika: joto, maji na umbali. Kaunti hii ina zaidi ya kilomita za mraba 68,000, kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 926,976 tu. Ndiyo maana hospitali iko mbali, soko liko mbali, na jirani wa kijijini anaweza kuwa nyuma ya kilima usichokiona. Mengine mengi unayoyasikia yanasimuliwa na watu ambao hawajawahi kuvuka Marich, njia ya milimani ya kuingilia huku kutoka kusini.

Ninalotaka ulibebe kutoka ukurasa huu ni hili: kila ugumu wa hapa una watu wanaoujua na wameishi nao vizazi na vizazi. Niliowaona wakifunga mizigo mapema hawakushindwa na jua. Walijifungia kwenye nyumba za kupanga pamoja na wageni wenzao, wakahesabu siku, na hawakumuuliza Mturkana hata mmoja jambo lolote.

Basi sifa hii mbaya ilianzia wapi?

Kwa sehemu kubwa ilitengenezwa ofisini. Serikali ya kikoloni iliifanya Turkana wilaya iliyofungwa: kuingia kwa kibali, kutoka kwa kibali. Kisha ikaigeuza jela. Jomo Kenyatta na wenzake waliofungwa mwaka 1953 katika kesi ya Kapenguria, waliposhtakiwa kuongoza Mau Mau, waliletwa Lokitaung, kaskazini kabisa, na mwaka 1959 Kenyatta akahamishiwa Lodwar, ambako aliishi kizuizini hadi 1961. Kwa Mwingereza hapa palikuwa mahali pa kumtupa mtu asahaulike.

Uhuru ulipokuja, fikra ile haikuondoka na bendera. Kwa miaka mingi mtumishi wa umma aliyekosana na wakubwa wake alitishiwa kupelekwa Turkana. Hebu fikiria maana yake kwa mama wa hapa anayempeleka mtoto kliniki: anayemhudumia ni mtu aliyeletwa kama adhabu, na macho yake yako kwenye barua ya uhamisho. Ndiyo maana utawasikia wazee wakisema mtu anayeelekea Kitale au Nairobi "anakwenda Kenya." Usicheke. Hawakujitenga wao, walitengwa.

Nitafikaje?

Kutoka Nairobi hadi Lodwar ni karibu kilomita 700. Wengi hupitia Kitale, kisha Kapenguria, wanateremka Marich, Kainuk, Lokichar, na hatimaye Lodwar. Barabara hii ndiyo inayoendelea hadi Kakuma, Lokichogio na mpaka wa Sudan Kusini, na katika miaka ya karibuni sehemu yake kubwa imewekwa lami upya. Zamani ilikuwa safari ya kuvunja mgongo. Siku hizi ukitoka Kitale alfajiri unaweza kula chakula cha mchana Lodwar, mvua ikiwa haijabomoa daraja wala kivuko.

Ndege zipo pia kati ya Nairobi na Lodwar. Nauli ni kubwa, ila kwa mjamzito, mgonjwa au mwenye mtoto mchanga, jichange upande ndege.

Niogope wizi wa mifugo?

Uchukulie kwa uzito bila kuuogopa ovyo. Uhasama kati ya Waturkana na Wapokoti kuhusu malisho, maji na mifugo umeua watu wengi na umeacha mayatima pande zote mbili. Mahali panapotajwa mara kwa mara ni Kainuk na Kapedo, na kaskazini kuna visa vya Todonyang kwenye mpaka wa Ethiopia. Februari 2023 serikali ilituma jeshi kuwasaidia polisi katika kaunti sita, Turkana ikiwemo. Haya si mambo ya kale.

Lakini ramani ya hatari ni nyembamba kuliko ramani ya kaunti. Mjini Lodwar nyakati za usiku nina wasiwasi mdogo kuliko niliokuwa nao katika mitaa mingi ya miji mikubwa ya kusini. Kinachotakiwa ni nidhamu ya barabarani. Usisafiri kupita Kainuk usiku. Kabla ya kuondoka, piga simu kwa mtu aliye mbele yako njiani. Madereva wa magari ya abiria na malori hupata habari kabla ya redio. Wakikwambia leo subiri, subiri. Polisi wakipanga msafara wa kusindikizwa, ingia kwenye msafara hata kama umechelewa kazini. Ukipangiwa kituo cha pembezoni, nenda kwanza kwa chifu na kwa askari wa akiba wa kijiji, wakujue sura na wakuonyeshe njia unazoweza kutembea na zile za kuachana nazo.

Joto nitaliweza?

Wastani wa joto la mchana Lodwar ni nyuzijoto 35 hivi, na usiku huwa hauteremki sana chini ya 24. Usiku ndio unaowashangaza wageni. Mchana umejiandaa, umevaa kofia, umekunywa maji. Usiku unategemea upumue, na ukuta wa matofali unakurudishia jua lote lililoingia tangu asubuhi.

Fanya wafanyavyo wenyeji. Amka kabla ya jua. Kufua, kwenda sokoni, kutembea mwendo mrefu, yote yawe yamekwisha saa nne asubuhi. Kati ya saa sita na saa tisa tafuta kivuli ukae. Kukaa kivulini wakati huo ni akili, usikubali mtu akuite mvivu. Jioni maisha yanarudi, na utaona mji mzima ukitoka nje. Usiku lala nje uani ikiwa ua wako una usalama, juu ya kitanda na ndani ya neti. Vaa pamba nyepesi iliyolegea. Kunywa maji kabla ya kiu, na ukipata kizunguzungu au mkojo ukawa mweusi, acha kazi, pumzika kivulini, na kama hali haibadiliki nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mwili huchukua wiki kadhaa kuzoea. Wiki hizo usijipime kwa ushujaa.

Na maji?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na nasikitika kwamba wengi huliuliza baada ya kuuliza kuhusu mtandao.

Lodwar ina mabomba, lakini maji hayatoki kila siku katika kila mtaa. Unapotafuta nyumba, usimuulize mwenye nyumba kama kuna maji, maana atasema yapo. Muulize mpangaji wa mlango wa pili maji hutoka siku zipi, saa ngapi, na yakikatika hununua kwa nani. Nyumba yenye tanki kubwa na kodi ya juu kidogo itakugharimu nafuu kuliko ya bei rahisi ambayo utaijazia mitungi kwa bodaboda. Nunua mitungi ya lita ishirini mapema, na usikubali hata siku moja yote ikauka kwa pamoja.

Nje ya miji, maji ni visima vya kuchimbwa kwa mashine au ni mchanga wa laga. Laga ni mto wa msimu: karibu mwaka mzima ni barabara pana ya mchanga mkavu, na chini ya mchanga huo kuna maji. Wanawake na wasichana huchimba, na kiangazi kinaposonga shimo huzidi kina mpaka wanashuka wenyewe ndani na kupitishiana vyombo kutoka mkono hadi mkono. Ukishaliona jambo hilo, hutaacha bomba likidondoka tena.

Ladha ya maji nayo itakushtua. Visima vingi vina chumvi, na baadhi vina floridi nyingi inayogeuza meno ya watoto rangi ya kahawia. Ziwa lenyewe lina magadi. Ukiwa na mtoto ambaye meno yake bado yanaota, uliza kisima kipi kina maji matamu na umtafutie maji ya kunywa kutoka huko, hata kama ni mbali.

Tena usije na imani kwamba bahari imegunduliwa chini ya ardhi. Mwaka 2013 ilitangazwa kwa shangwe kwamba kuna hifadhi kubwa ya maji chini ya ardhi Lotikipi, kaskazini-magharibi mwa kaunti. Vipimo vya baadaye vikaonyesha kwamba maji hayo yana chumvi kupita kiasi kwa kunywa. Watu hapa walisherehekea habari ile, na bado wanachimba mchanga.

Mvua ikinyesha si itakuwa nafuu?

Nafuu kwa malisho, hatari kwako usiyejua. Mvua ya mwaka mzima Lodwar ni kama milimita 200, ila huweza kushuka kwa kishindo siku chache tu. Mbaya zaidi, laga hufurika kwa mvua iliyonyesha milimani mbali nawe, wakati juu yako mbingu ni safi kabisa. Laga ya Kawalase hapa Lodwar imeshachukua watu na magari.

Maji yakipita kwenye laga, usivuke. Haijalishi ni ya magotini, haijalishi dereva anasema nini. Shuka ukae kando, yatapungua. Na usiegeshe gari wala kulala kwenye mchanga wa laga hata ukivutiwa na kivuli chake.

Nije na gari langu dogo?

Kwa Lodwar mjini na barabara kuu, sawa. Ukipanga kwenda vijijini, gari lililo chini litazama kwenye mchanga na hutalitoa peke yako. Beba jeki yenye ubao wa kuweka chini, koleo, maji, na magurudumu mawili ya akiba. Miiba ya mathenge hupenya mpira. Mti huo uliletwa miongo kadhaa iliyopita ili kuzuia jangwa, na sasa umefunga njia na kingo za mito, ingawa ni haki kusema kwamba makaa yake yanalisha familia nyingi.

Nitakula nini?

Utakula vizuri kuliko unavyodhani, na utalipa zaidi kwa mboga. Kabichi, sukuma wiki, nyanya na viazi vinapanda gari kutoka Kitale, kwa hivyo barabara ikikatika bei inaruka siku hiyo hiyo. Mboga nyingine hutoka kwenye mashamba ya umwagiliaji ya bonde la mto Turkwel kama Katilu. Mfahamu mama mmoja sokoni anayeuza za huko, na mfanye wako.

Nyama ya mbuzi ya hapa haina mfano, na sisemi hivyo kwa mapenzi tu. Mbuzi hula majani makavu na maganda ya migunga, na nyama yake hutaki kuitia viungo. Samaki kutoka Kalokol huja wabichi, wakavu au wa kukaangwa: ngege, sangara na wengine. Maziwa ya ngamia yazoee kidogo kidogo. Matunda ya mkoma, mti unaofanana na mnazi, ambayo watoto huyaguguna njiani, yana utamu wake.

Nyumba za kupanga ziko vipi?

Lodwar utapata za aina zote, kuanzia chumba kimoja hadi nyumba yenye choo na bafu ndani. Nitasema moja tu: tazama paa. Mabati bila dari ni tanuri. Paa la makuti ya mkoma ni poa ajabu, na watu wa hapa hawakulichagua kwa umaskini. Ukipata nyumba ya mabati, dai dari au ujenge kibanda cha makuti uani. Ndicho utakachoishi ndani yake.

Umeme na mtandao?

Lodwar, Kakuma na miji mingine michache ina umeme, na hukatika. Kwingine ni sola. Bwawa la Turkwel, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1991, liko mpakani mwa Turkana na Pokot Magharibi, lakini nyaya zake kubwa zilielekezwa kusini, Lessos, na vijiji vya karibu vikabaki kutazama nguzo. Simu na intaneti hufanya kazi vizuri mijini. Ukitoka, kuna maeneo makubwa ambayo hayana mawimbi kabisa. Waambie wa nyumbani mapema, wasije wakaanza kukutangaza umepotea.

Magonjwa na wanyama wa kuuma?

Malaria ipo, hasa baada ya mvua. Wanaofikiri jangwani hakuna mbu hulazwa. Kuna kalazaa, ugonjwa wa homa na kuvimba wengu unaoambukizwa na usubi wanaojificha kwenye vichuguu, hivyo jioni usikae karibu na kichuguu. Turkana pia inajulikana kwa ugonjwa wa hidatidi, uvimbe wa maji ndani ya mwili unaotokana na mayai ya minyoo ya mbwa: nawa mikono kabla ya kula, usiache mbwa alambe vyombo, na wafundishe watoto hilo siku ya kwanza.

Nge na nyoka wapo. Kung'uta viatu asubuhi, tembea na tochi usiku, usitie mkono usipoona. Ukiumwa na nyoka usikate wala kunyonya jeraha. Kaa utulie, mguu usitikisike, upelekwe hospitali. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Lodwar, na Kakuma kuna hospitali ya misheni. Mwenye dawa za kila siku, kama za shinikizo la damu au kisukari, aje na akiba ya kutosha na aulize kwanza insulini yake ataihifadhi wapi penye baridi.

Nije na watoto?

Njoo nao, ukipangiwa mjini. Shule zipo, nyingi zilianzishwa na Kanisa Katoliki, ambalo lilitangulia serikali katika sehemu nyingi za kaunti hii, na sasa Lodwar ina chuo kikuu kishiriki. Wangu wamekua wakicheza na watoto wa Kiturkana na wanakisema Kiturkana bila kutafuta maneno. Darasani utakuta walimu wachache na wanafunzi wengi, wengine wakiwa wamekuja kwa sababu chakula cha mchana kipo shuleni. Ukiwa mwalimu, usimdharau mtoto aliyeletwa na njaa. Amefika, mfundishe.

Waturkana watanipokeaje? Nina haja ya kujua lugha yao?

Mjini Kiswahili kinatosha. Hata hivyo jifunze kusalimia: "Ejoka?" na unajibiwa "Ejok." Salimia kila mtu, na usikimbilie shida yako kabla salamu haijaisha. Kijijini utawaona wazee wamekaa chini ya mti wao, kila mmoja juu ya kigoda chake kidogo ambacho pia ni mto wa kichwa. Usiupite mti huo bila kusimama. Hapo ndipo mambo yanapoamuliwa.

Jambo linalowakwaza wageni wengi ni kuombwa. Utaombwa tumbaku, sukari, shuka, maji, hata saa uliyovaa, tena waziwazi, bila kuzungukazunguka. Wageni hulichukulia kama usumbufu na wengine hutukana. Kwa Waturkana kuomba ni njia ya kufunga urafiki, na marafiki huombana maisha yao yote. Unaweza kukataa kwa uso mkunjufu, na hakuna atakayekununia. Kisha nawe omba. Mwombe maziwa, mwombe mbuzi ukiwa na sherehe. Siku nilipoanza kuomba, ndipo nilipoanza kuitwa jirani.

Wakati wa ukame nifanye nini, nikiwa na mshahara na jirani hana?

Hili litakukuta. Kati ya 2020 na 2022 misimu ya mvua ilikosekana mfululizo, na familia zilizokuwa na mamia ya mbuzi zikabaki na mizoga. Mwenye mshahara hawezi kulisha kata nzima, na asijaribu kuwa serikali. Chagua nyumba chache unazozijua, uwe nazo mwaka mzima, siyo siku ya picha. Lipa kazi kwa haki: maji uliyoletewa, nguo zilizofuliwa, vikapu vya mkoma unavyopeleka zawadi nyumbani. Usinunue mbuzi kwa bei ya kutupa kwa sababu mwenyewe ana njaa. Inafanyika sana, na inaniuma kila ninapoiona.

Naweza kununua ardhi au kuanzisha biashara?

Biashara, karibu. Lodwar inakua, Kakuma ina soko kubwa kwa sababu ya kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992, na Lokichar ilichangamka mafuta yalipogunduliwa mwaka 2012, kisha ikapoa, wawekezaji wa nyumba za wageni wakabaki na vyumba vitupu. Jifunze pia kutoka Kalokol. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Norway ilifadhili kiwanda cha kugandisha samaki hapo, jengo la kisasa kabisa. Kugandisha kukagharimu kupita thamani ya samaki, ghuba ya Ferguson waliyoitegemea ikakauka, na kiwanda kikafungwa. Samaki wa kukaushwa juani waliendelea kuuzwa kama kawaida.

Kuhusu ardhi, tulia. Sehemu kubwa ya Turkana ni ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 haimruhusu mtu mmoja kukuuzia kilicho cha wote. Ardhi unayoiona tupu ina wenyewe: ni malisho ya msimu fulani, njia ya mifugo, au kaburi. Hata miti ya kando ya Turkwel ina familia zake, zinazorithishana haki ya maganda na kivuli. Kabla ya kukata tawi, uliza.

Marupurupu ya mazingira magumu yanatosha?

Yanasaidia. Yataliwa na nauli, maji na mboga. Usije kwa ajili yake peke yake.

Kuna nini cha kufanya wikendi?

Nenda Eliye ukaoge ziwani ukiwa na mwenyeji, maana mamba wapo na upepo wa mchana ni mkali. Nenda Kisiwa cha Kati, katikati ya ziwa, ukaone maziwa ndani ya kreta. Ukiwa Nariokotome, kumbuka kwamba Kamoya Kimeu, Mkenya, aliona kipande kidogo cha fuvu mwaka 1984, na kikafunua mifupa ya kijana aliyeishi takribani miaka milioni moja na nusu iliyopita. Lomekwi, si mbali sana na hapo, pamepatikana zana za mawe za miaka milioni 3.3. Watoto wa Turkana wanastahili kuambiwa hayo darasani kabla hawajaambiwa kwamba wanatoka pembezoni.

Nikiweza kuchagua, nihamie mwezi gani, na nifungashe nini?

Julai au Agosti, joto linapopungua kidogo. Februari na Machi ndiyo miezi mikali, na kuanzia mwisho wa Machi barabara huweza kukatika. Lete neti nzuri, tochi ya sola, kofia pana, viatu vilivyofungwa vyenye soli ngumu, dawa zako, na shuka mbili nyepesi. Godoro, jiko, mitungi na vyombo vinauzwa Lodwar. Usiwalipe watu wa basi kubeba godoro kutoka Kitale. Na nambari ya simu ya mwenyeji mmoja iwe mfukoni kabla hujapanda, hata kama ni ya mlinzi wa shule au ya mama anayeuza chai mbele ya zahanati. Mpigie ukiwa bado Kitale, umwambie unakuja, umuulize maji ya wiki hiyo yakoje.